Naomba ushauri: pembe za swichi za inveta zinanisumbua

Wakuu, naombeni msaada. Nina inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa DC kuwa AC) ya fezi tatu yenye ngazi 7 za volti, madaraja (saketi za swichi nne nne) matatu kwa kila fezi, na natafuta pembe tatu za kuwashia swichi, yaani sehemu za wimbi ambapo swichi zinawaka, ili hamoniki ya 5 na ya 7 (mawimbi ya ziada yenye masafa mara 5 na mara 7 ya wimbi la msingi) zife kabisa. Ile ya 3 na ya 9 sihangaiki nazo, zinafutana zenyewe kati ya fezi na fezi.

Natumia algoriti ya kundi la chembe (PSO), ambayo husogeza majibu mengi ya kukisia, yaani "chembe", kuelekea lililo bora. Kiwango cha moduleshini (ukubwa wa volti inayotoka ukilinganisha na upeo wake) kikiwa karibu 0.79 inanipa digrii 11.7, 31.2 na 58.6. Nimehakiki kwa kalamu: kosaini za pembe hizo mara 5, halafu mara 7, jumla inakaribia sifuri. Nilifurahi sana! Shida inaanza nikishusha hadi 0.4. Kila nikiiendesha upya pembe zinakuja nyingine, na hamoniki ya 5 haiondoki.

Je, chembe zinanasa kwenye bonde dogo (jibu lililo bora kwa eneo lake tu), au hapo jibu kamili halipo kabisa? Kama halipo, kila hamoniki niipe uzito gani kwenye fomula ya kupimia ubora wa pembe? Aliyewahi kuchanganya njia hii na algoriti ya jeni (inayotafuta jibu kwa kuiga urithi wa viumbe) anieleze, tafadhali. Wiki ya pili hii nakesha nayo.