Zana za Darasa la Kwanza: ninunue zilizochapishwa, nichape mwenyewe, au nitengeneze kwa mkono?

Mwl_Mgeni
Wakuu, habari za jioni. Nimepata ajira ya kwanza na nimepangiwa Darasa la Kwanza. Mafunzo kwa vitendo nilifanyia Darasa la Tano, kwa hiyo watoto wa umri huu sijawahi kukaa nao. Nimekuta kuta tupu, ubao mmoja na boksi la vitabu vya kiada. Nimetenga laki mbili kwenye mshahara wangu ili niandae zana za KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) kabla shule haijafunguliwa.

Nawaza ama ninunue seti ya chati na kadi zilizochapishwa tayari, ama niongeze kidogo nichukue printa ndogo na mashine ya laminesheni, ama nitengeneze vyote kwa mkono. Aliyepitia njia mojawapo anishauri. Na mkishakuwa nazo mnazipangaje zisipotee? Nataka watoto hawa wafike Desemba wanasoma.

chaki_nyeupe
Hongera mwalimu, na karibu kwenye kazi. Ila swali lako limeacha mambo yanayoamua kila kitu. Watoto wangapi? Umeme upo? Mlango wa darasa unafungwa kwa kufuli au unaegeshwa tu? Ukuta ni wa saruji, udongo au chokaa? Chumba unatumia peke yako au kuna zamu? Tujibu hayo kwanza, la sivyo kila mtu atakushauri kwa darasa lake mwenyewe.

Kisarawe_Junior
Chukua printa, dada. Mimi nina ya wino wa chupa mwaka wa tatu huu. Jioni nachapa kadi za silabi, nalaminisha, asubuhi zipo darasani. Vitabu vya kiada unavisoma bure kwenye maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), na picha za mazoezi unazipata humo humo. Laminesheni inaokoa sana. Kadi zangu za namba zimeshikwa na watoto kwa miaka mitatu mfululizo, wengine wana uji mikononi, nafuta kwa kitambaa tu. Mtu akizoea printa harudi tena kwenye manila.

mama_pacha
Mwalimu, mimi ni wa salfeti, ile mifuko ya sukari au unga. Nenda gulioni ukanunue salfeti tupu nyeupe, chana ubavuni, utapata kipande kikubwa kama shuka la kitanda cha mtoto. Andika kwa maka peni isiyofutika. Haichaniki, hailoani, unaikunja unaondoka nayo. Ninayo chati ya irabu niliyoandika 2017, hadi leo inasomeka.

Nyingine mpe fundi cherehani akushonee ubao wa mifuko: salfeti moja nzima, juu yake vipande vya nailoni inayoonyesha, mistari mitano ya mifuko. Humo unachomeka kadi za silabi, mtoto anakuja mbele anavuta *ma*, anavuta *ma* nyingine, anasoma *mama*. Ukimwona siku anayogundua kwamba ameisoma mwenyewe, hutatamani printa ya mtu.

Mwalimu_Mstaafu_Mtarajiwa
Naomba nieleze kilichonipata ili usirudie kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza na watoto wadogo nilinunua seti iliyochapishwa kutoka duka moja la mjini. Chati nane na boksi la kadi, rangi zinang'aa, nikajiona nimemaliza. Nilipozifungua nyumbani sikuzikagua, nikaenda kubandika tu.

La kwanza, chati ya herufi ilikuwa na herufi 26. Q imo, X imo, na C imesimama peke yake. Alfabeti yetu ina herufi 24, hizo hazimo, na C hatuitumii bila H. Watoto wakaanza kuniuliza Q inasomwaje kwenye neno lipi, na sina neno la kuwapa. Aliyechapa alichukua chati ya Kiingereza akabadilisha picha.

La pili ndilo lililoniumiza. Ile *a* ya kwenye chati ilikuwa ya kitabuni, yenye kofia juu. Ubaoni mimi naandika *a* ya mviringo yenye mkia. Kulikuwa na mtoto mmoja mtiifu sana, anakaa dawati la mbele, akawa anaichora ile ya chati, kofia na yote. Anabonyeza penseli mpaka karatasi inatoboka. Kila herufi moja inamchukua muda wa wenzake kuandika mstari mzima. Nilimwona mzito wa kuelewa, kumbe anafuata kwa uaminifu kile nilichombandikia ukutani. Ilinichukua karibu miezi miwili kugundua. Siku niliyoshika daftari lake nikaliweka kando ya chati, niliona aibu mbele ya mtoto wa miaka saba.

La tatu, ukuta wetu ulikuwa wa chokaa. Solatepu haishiki kwenye chokaa, inatoka na unga wake. Jumapili kijiji kilifanyia mkutano mle ndani. Jumatatu nikakuta chati nne chini zimekanyagwa, na ile ya namba mbuzi walikuwa wameila kuanzia 6 hadi 10.

Sisemi usinunue. Nasema usitoe hela kabla hujaifungua chati dukani ukaisoma herufi kwa herufi, picha kwa picha. Kama mtoto wa kijiji chako hajawahi kukiona kile kilichochorwa, hiyo si zana.

Mwl_Mgeni
Shikamoo mwalimu, asante sana kwa hilo la *a*. Nimelisoma mara mbili.

Samahani kwa kutotoa maelezo. Watoto walioandikishwa ni 112 mpaka jana. Darasani hakuna umeme, ofisini kuna sola ya kuchajia simu tu. Ukuta ni wa chokaa. Mlango upo ila hauna kufuli, na mchana Darasa la Pili wanaingia chumba hicho hicho. Mjini ni mwendo wa saa mbili kwa basi.

chaki_nyeupe
Basi printa iweke pembeni mwalimu. Sola ya kuchajia simu haitaendesha mashine ya laminesheni, ile inavuta moto mwingi kwa sababu inachemsha. Kwa 112 na chumba cha zamu unahitaji zana inayoning'inizwa asubuhi na kushushwa saa tano, na inayohesabika.

Fanya hivi: funga waya mbili za kufungia nondo kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya vichwa vya watoto. Chati zako zibane kwa vibanio vya nguo. Ukimaliza, unashusha, unakunja, unaondoka. Ukuta wa chokaa uache upumzike.

Kwa kadi nunua ndoo za lita kumi zenye mfuniko, moja kwa kila kundi. Ndoo ya irabu, ndoo ya silabi, ndoo ya kuhesabia. Juu ya mfuniko chora kilichomo, usiandike tu, kwa sababu watakaozibeba bado hawasomi. Teua mtoto mmoja kwa kila kundi awe mtunza ndoo. Wanazilinda kuliko mwalimu.

Kisarawe_Junior
Sawa, printa nimeiachia. Lakini steshenari ya mjini anaweza kwenda mara moja kwa muhula akachapa vichache vya muhimu. Na kama shule ina kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vikagawiwa walimu, apakue vitabu akiwa mjini penye mtandao, arudi navyo. Msifanye teknolojia iwe adui.

mama_pacha
Hakuna aliyesema adui, kaka. Ila watoto 112 wakitazama kishikwambi kimoja wataona kisogo cha mwenzao.

GrediMoja_Kilifi
Hamjambo walimu wa ng'ambo ya mpaka. Mimi nafunza Gredi ya 1 huku Kilifi. Nilichojifunza wakati wa Tusome, mpango wa Kenya wa kufunza watoto kusoma, ulipoenea nchi nzima 2015, ni kwamba mtoto kuwa na kitabu chake mwenyewe mkononi kulibadilisha darasa kushinda chati zote nilizokuwa nimechora. Kwa hivyo ningeuliza, hilo boksi la vitabu ni vingapi? Watoto wangapi kwa kitabu kimoja?

Kama ni vichache, tumia pesa zako kwa hadithi fupi. African Storybook wana hadithi za Kiswahili zenye leseni huria, unaruhusiwa kuchapa. Chapa kumi, kunja, shona kwa uzi katikati. Kwa hesabu usinunue kitu: vizibo vya soda, kokwa za ukwaju, vijiti vya njukuti vilivyofungwa kumi kumi. Vijiti hivyo ndivyo vitamfunza mtoto makumi na mamoja.

Mwl_Mgeni
Vitabu vya Kusoma ni 19, mwalimu. Kwa hiyo kimoja kwa watoto karibu sita.

babu_silabi
Mnazungumza chati lakini hamjamwambia aandike nini. Mwalimu, chati yako ya kwanza iwe *ba be bi bo bu*. Tumesomeshwa hivyo, wazazi wetu wamesomeshwa hivyo, na tunasoma.

chaki_nyeupe
Mzee wangu, kwa heshima, tangu mtaala wa KKK wa 2015 tunaanza na sauti ya herufi. Mtoto aliyekariri *ba be bi bo bu* kwa wimbo, mwonyeshe *bo* peke yake uone. Ataanza *ba, be, bi* kimoyomoyo mpaka aifikie.

babu_silabi
Wangu nikimwonyesha *bo* anasema *bo*. Tatizo ni kuimba bila kuchanganya, kosa si la silabi.

Mwalimu_Mstaafu_Mtarajiwa
Wote mna ukweli wenu. Mimi nafundisha irabu tano mpaka ziive, halafu sauti ya *m*, halafu naziunganisha hapo hapo. Wiki ya nne mtoto anasoma *mama, ama, mimi, omo*. Kadi za silabi natoa baada ya hapo, tena zimechanganywa ndani ya ndoo, hazikupangwa.

Pangani_Tz
Mimi sipendi jambo moja hapa. Kwa nini mwalimu mpya atoe laki mbili kwenye mshahara wa kwanza? Kwenye ruzuku ya uendeshaji kuna fungu la vifaa. Dada, mwone mwalimu mkuu kabla hujagusa hela yako, peleka orodha kwa maandishi: manila, maka peni, kufuli, ndoo. Hata asipokupa vyote, kufuli atakupa. Na wazazi waombwe vizibo na vijiti, hivyo havina gharama na hakuna atakayelalamika kuchangishwa.

mama_pacha
Kweli kabisa. Ila salfeti asisubiri. Hela ikija Aprili, watoto Januari watakuwa wanatazama chokaa.

Mwl_Mgeni
Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Kesho namwona mwalimu mkuu na orodha. Jumamosi ni siku ya gulio, nakwenda kutafuta salfeti na ndoo, na fundi cherehani nimeshamuuliza. Za kuchapa hadithi bado sijaamua, nauli ya kwenda na kurudi mjini ndiyo inayonirudisha nyuma. Nawaza pia kuzinakili kwa mkono.

Swali moja dogo, mama pacha: salfeti zilizopo huku zina nembo ya kiwanda mbele. Nizifanyeje?

mama_pacha
Igeuze ndani nje, upande wa ndani ni mweupe. Kama ilikuwa ya sukari, pangusa kwa maji uanike. Kama ilikuwa ya unga, ifue kwa sabuni mara mbili hata kama unaona imetakata, kwa sababu panya wananusa wasichokinusa binadamu. Mimi walinitoboa *u*, ikabaki inafanana na *i* mbili.

GrediMoja_Kilifi
Ukizinakili kwa mkono, mwalimu, hiyo *a* iwe ya mviringo.