Kaka anapata giza machoni akigeuza shingo, na ameshapata kiharusi kidogo. Tudai kipimo gani?

Shuwena_K
Wakuu, habari zenu. Naomba mwenye uelewa anisaidie. Kaka yangu ana miaka 50 na ushee. Akigeuza shingo kulia hadi mwisho, kwa mfano anaporudisha gari nyuma, macho yanaingia giza, masikio yanavuma, miguu inaisha nguvu. Akirudisha kichwa mbele, baada ya sekunde chache yuko sawa. Sisi tukasema presha hiyo. Juzi kati akaamka anayumba kama mlevi, anatapika, mkono wa kushoto ukitaka kushika kikombe unakipita. MRI ikaonyesha kiharusi kidogo kwenye ubongo wa nyuma, ule unaoshika mizani.

CT ya mishipa ya shingo imesomwa haina tatizo, ila chini kabisa kuna mstari mmoja: ateri ya vertebra ya kulia (mshipa wa damu unaopanda shingoni) ni nyembamba kiasili. Amepewa aspirini na vidonge vya kizunguzungu, tukaambiwa huenda ni sikio la ndani. Mimi sijaridhika. Shingo yenyewe inaweza kuleta kiharusi?

fundi_picha
Pole sana dada. Inaweza, japo ni nadra, na huo mstari wa chini ndio ningeanza nao.

Ateri za vertebra ni mbili, kila upande moja. Zinapanda kupitia matundu ya pingili za shingo, kwa kawaida kuanzia ya sita hadi ya kwanza, kisha zinaungana kulisha ubongo wa nyuma. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hufanyika kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Mshipa umeshikwa kwenye matundu, kwa hiyo kichwa kikienda kulia, mara nyingi ni ule wa kushoto unaovutwa na kubanwa hapo. Watu wengi hawasikii kitu, mshipa wa pili unabeba mzigo. Kwa kaka yako, mshipa huo wa pili ndio ule mwembamba.

Sasa angalia: alipigwa picha kichwa kimenyooka, wakati shida inakuja kikigeuka. Lazima isomwe safi! Kinachotakiwa ni kuuona mshipa kichwa kikiwa katika mkao unaoleta dalili. Dopla ya ultrasaundi (mawimbi ya sauti yanayoonyesha damu ikipita), kichwa kikigeuzwa taratibu, ni mwanzo mzuri. CT ya shingo iliyogeuzwa inasaidia kuonyesha mfupa uliochomoza. Kipimo kinachoaminika zaidi ni angiografia ya kuingiza mrija: dawa ya rangi inapigwa kichwa kikiwa mbele, halafu kikigeuzwa, na unaona ni pingili ipi inayobana.

Ugonjwa huu umepewa jina la wawindaji wa upinde. Mwaka 1978 Sorensen aliandika kuhusu mtu aliyepata kiharusi akifanya mazoezi ya kulenga shabaha kwa upinde, shingo imegeuzwa.

Bwana_Mkubwa2
Msijisumbue na mavipimo. Mtafuteni mtu wa kunyoosha shingo, aivunje kidogo tu ilie "kak". Shemeji yangu alipona kizunguzungu siku hiyo hiyo.

daktari_wa_zamu
Mkuu, hapana. Kwa mgonjwa huyu hilo ni hatari kubwa. Kuzungusha shingo kwa nguvu kunaweza kuchana ukuta wa ndani wa ateri, damu ikagandia pale, bonge likakimbilia kwenye ubongo. Shuwena, asiguswe shingo na mtu yeyote wa kuchua.

Kuhusu sikio: kizunguzungu cha chembe ndogo zilizohama ndani ya sikio huja kichwa kikibadilisha mlalo, mtu akilala, akijigeuza kitandani, akitazama juu, na kwa kawaida hutulia chini ya dakika moja hata kama hajarudi alipokuwa. Hakileti giza machoni wala kuishiwa miguu. Hebu muulize: akiwa kwenye kiti cha kuzunguka, akageuka mwili mzima huku shingo imenyooka, yanamtokea? Nasema muulize anavyokumbuka, msimjaribishe nyumbani.

Shuwena_K
Nimemuuliza. Anasema akigeuka mwili mzima hana shida, ni shingo tu. Wakithibitisha, tiba ni upasuaji moja kwa moja?

nilipita_huko
Dada, si lazima. Mimi nilianza na kola ya shingo na dawa za kuzuia damu kugandamana. Kola inasaidia lakini huwezi kuishi nayo, na nilipoivua dalili zikarudi. Nikapewa njia mbili. Ya kwanza ni kupanua njia ya mshipa kwa kutoa mfupa au utando unaoubana. Shingo inabaki inageuka, ila mshipa unaweza kubanwa tena. Ya pili ni kufunga pingili ya kwanza na ya pili kwa skrubu zisizunguke kabisa. Nikachagua skrubu. Giza sijaliona tena, lakini kugeuka kumepungua karibu nusu, barabarani nategemea vioo. Mwenye kiharusi tayari, binafsi naona bora akose kugeuka.

daktari_wa_zamu
Inategemea pia mahali. Ikibanwa chini zaidi, mara nyingi mkosaji ni mfupa uliochomoza au diski, na hapo anatolewa huyo huyo. Stenti, yaani kibomba cha wavu cha kuuacha mshipa wazi, ni kwa wachache.

Kwa sasa: asiendeshe gari, asigeuze shingo hadi mwisho, aspirini asiiache bila kuambiwa. Dalili zikibaki hata baada ya kichwa kurudi mbele, hospitali saa hiyo hiyo, maana dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Tafuteni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mwende na CD ya picha zenyewe, ripoti peke yake haitoshi.

Shuwena_K
Asanteni sana. CD tunayo. Hiyo angiografia atalazwa usingizi?

fundi_picha
Kwa kawaida anabaki macho, anachomwa ganzi tu pale mrija unapoingilia, kwenye kinena au kifundo cha mkono. Tunamtaka aongee. Akisema "naanza kuona giza", kichwa kinarudishwa mbele papo hapo. Mwambie asijikaze kiume siku hiyo.