Kufunga soketi ya waya unaochomoka kwenye kabati la spika

Mpigabesi: Habari zenu mafundi. Nimetengeneza kabati la spika kwa plaiwudi ya milimita 18 na ndani yake nimeweka amplifaya yenye transfoma ya VA (volti-ampea, kipimo cha uwezo wake) 160. Kwa kuwa sipendi waya uning'inie kutoka ndani, nimenunua soketi ya pini tatu kama ile iliyo nyuma ya pawasaplai ya kompyuta, yenye fyuzi na swichi pamoja. Nyuma yake kuna miguu mingi kuliko nyaya nilizo nazo, na vishikizo vyake haviushiki ubao mnene. Niunganishe vipi? Na je, kabati likiwa la mbao, waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) una kazi gani?

Karakana: Ndugu, ethi ni lazima. Mbao haipitishi umeme, lakini chesisi (fremu ya chuma) ya amplifaya, skrubu zinazotokeza nje na hata jeki ya maiki hupitisha, na waya wa moto (unaoleta umeme) ukichomoka ndani unaweza kugusa chochote kilicho karibu. Toa waya wa kijani na njano kwenye mguu wa pini ya katikati, uufunge kwenye chesisi kwa ringi ya kuungia waya na washa (kipete cha chini ya nati) ya meno, mahali ulipokwangua rangi hadi chuma king'ae. Moto upite kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi, ndipo uende kwenye transfoma. Soketi nyingi za namna hii huuzwa bila kiungo kati ya fyuzi na swichi, ndiyo maana unaona miguu mingi. Pima kwa multimita, waya ukiwa umechomolewa, ujue mguu upi unawasiliana na upi.

Mzeewasolda: Naongezea mawili. Tumia fyuzi ya ampea 1.6 yenye herufi T, yaani ya kuchelewa kukatika, kwa sababu transfoma ikiwashwa huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo, ingawa kwa volti 230 matumizi yake ya kawaida hayafiki ampea moja. Fyuzi ya ampea 13 iliyo kwenye plagi hulinda waya, si amplifaya. Kuhusu ubao, toboa dirisha kubwa, kisha ufunge soketi kwenye bati la alumini la milimita 1.5 na kulikaza kwa skrubu. Bati hilo nalo lipate ethi.

Mpigabesi: Nashukuru sana. Jirani yangu anashauri niweke soketi ya kike kabatini na nitumie waya wenye plagi pande zote mbili, eti ni rahisi kupatikana.

Karakana: Usithubutu. Waya huo ukichomoka kabatini huku upande wa pili uko ukutani, pini zake hubaki wazi zikiwa na umeme, na mtoto akizishika zinaweza kumuua. Pini za kiume zikae kwenye kabati. Waya wa kompyuta wenye tundu la kike unauzwa kila duka la vifaa vya umeme.