RAW za ndege wa msituni, ISO 6400 kwenda juu: Lightroom, DxO au darktable?

Kipanga_Muheza

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa programu ya kuhariri RAW (faili ghafi za kamera) za ndege. Kamera ni Canon R7, lenzi ni RF 100-400mm. Picha nyingi ni za msitu wa Amani na kandokando ya mashamba ya chai. Mwanga ni hafifu, lenzi ikifika 400mm haifunguki zaidi ya f/8, na kasi ni 1/500 hadi 1/1000, hivyo ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) inacheza kati ya 6400 na 12800. Ndege wenyewe ni wadogo, chozi na mdiria, kwa hiyo mara nyingi nabakiza robo tu ya fremu.

Laptopu ni Core i5, RAM GB 16, haina kadi ya grafiki ya kujitegemea. Intaneti ni bando la simu. Nikilipa, napendelea kulipa mara moja.

Ipi inaondoa chenga (zile chembechembe za ISO kubwa) bila kugeuza manyoya kuwa plastiki? Ipi itabebwa na laptopu hii? Na hii programu ya DPP ya bure ya Canon, je, inatosha?

FundiRAW

Mkuu, anza na laptopu, maana ndiyo itakayokuamulia.

Denoise ya Lightroom, iliyotoka Aprili 2023, na DeepPRIME ya DxO zina wazo moja. Zinasoma data ya sensa kabla haijageuzwa kuwa picha ya rangi, kisha zinaondoa chenga na kuunda rangi za pikseli kwa pamoja. Ndiyo maana zinakiacha mbali kitelezi cha zamani cha Luminance, ambacho ni kama kuchambua mchele mawe ukiwa umeshaiva. Tatizo ni kwamba hesabu hizo hufanywa na kadi ya grafiki. Adobe wanapendekeza kadi yenye kumbukumbu ya GB 8. Kwenye grafiki ya ndani ya i5, faili moja ya megapikseli 32.5 inaweza kula dakika kadhaa, hata zaidi ya kumi, feni ikilia muda wote. DxO nayo haina huruma. Kwa hiyo usisafishe picha zote za kadi ya kamera: chuja kwanza, zibaki fremu kumi na tano au ishirini zinazostahili, ziweke kwenye foleni usiku, laptopu ikiwa kwenye umeme na imezuiwa kulala.

Kwa picha zako za msituni mimi ningechukua DxO, kwa sababu ya lenzi. Pikseli za R7 ni ndogo, takriban mikroni 3.2, na kwa f/8 mtawanyiko wa mwanga kwenye tundu dogo la lenzi tayari unalainisha picha. DxO hupima kila mchanganyiko wa kamera na lenzi maabara, na moduli yake (faili ya vipimo hivyo) hurudisha ukali pale lenzi inapoupoteza, si kunoa kila kitu sawasawa. Kwenye ndege aliyekatwa hadi robo ya fremu utaiona tofauti kwenye vinyoya vinavyozunguka jicho. Leseni ni ya kulipa mara moja. Programu zao ni mbili: PureRAW husafisha tu na kutoa faili kama DNG (RAW iliyokwisha kusafishwa), kwa hiyo utahitaji programu nyingine ya kumalizia. PhotoLab inahariri mpaka mwisho. Kabla ya kulipa, tafuta R7 na RF 100-400 kwenye orodha yao ya moduli, kisha tumia kipindi cha majaribio kwenye laptopu hiyohiyo.

Tahadhari moja: DeepPRIME XD (ile yenye nguvu zaidi) na matoleo yaliyofuata ya XD hubuni. Ndege akiwa na pikseli 400 tu kwa upana na ISO ni 12800, data ya vinyoya haipo tena, na programu hujaza nyuzinyuzi zinazofanana na minyoo. Linganisha na DeepPRIME ya kawaida kwa asilimia 100, sehemu tatu: ngozi kati ya jicho na mdomo, ukingo wa bawa, na tawi alilokalia. Tawi likionekana kama limechorwa kwa kalamu, rudi kwenye ya kawaida. Lightroom vilevile: Denoise huanza na 50, kwa manyoya jaribu 30 hadi 40. Chenga chache zikibaki kwenye ndege hazimsumbui mtu. Manyoya yaliyoyeyuka yanaonekana hata kwenye simu.

mama_korongo

FundiRAW amesema vizuri lakini amemtumbukiza mwenzetu kwenye gharama kabla hajajaribu cha bure. Kaka Kipanga, pakua darktable. Ni bure kabisa, haiulizi akaunti wala intaneti, na inakwenda kwenye i5 hiyo bila kadi ya grafiki, polepole lakini inakwenda. Haitafikia DeepPRIME kwa ISO 12800, hilo silibishi. Kwa 6400 inakaribia, ukiipanga vizuri.

Moduli (kifaa cha kuhariri) ya kutumia ni denoise (profiled). Ukiifungua, angalia profaili iliyojichagulia. Ikitaja kamera yako na ISO ya picha, sawa. Ikiandika generic poissonian, imekosa vipimo vya kamera hiyo na matokeo yatakuwa ya kubahatisha. Kisha tumia nakala mbili za moduli. Ya kwanza iwe wavelets, na blend mode yake (namna ya kuchanganya na picha) uiweke iguse rangi pekee: hii inaua madoa ya rangi, ipe nguvu bila woga. Ya pili iwe non-local means, blend mode lightness: hii inagusa chembe za mwangaza, na hapa ndipo manyoya hufa, kwa hiyo shusha strength mpaka chembe ndogondogo zibaki. Ukitaka usafi zaidi kwenye mandhari ya nyuma pekee, mchore ndege kwa maski ya mkono (eneo la kuhariri), uigeuze, ongeza nguvu nje yake. Ukingo wa maski uwe laini kiasi cha pikseli chache, la sivyo ndege atavaa duara la chenga kama taji.

Kwa ukali tumia diffuse or sharpen, mpangilio wa lens deblur, anza na ule wa soft. Moduli hiyo ni nzito. Iwashe mwisho, vinginevyo kila ukigusa kitelezi utasubiri.

Kuna mtego unaowafukuza wengi siku ya kwanza. Umepiga yangeyange na ukapunguza mwanga kwa -1 (stopu moja, yaani nusu ya mwanga) ili weupe usiungue. Darktable inafungua picha na weupe umeungua. Faili haina tatizo. Moduli ya exposure ina kisanduku cha compensate camera exposure, ambacho hurudisha ile -1 yako, na juu yake inaongeza mwanga wake kidogo. Ondoa tiki, shusha kitelezi, weupe unarudi na mistari ya manyoya ndani yake.

Chole_Voi

Wote mmezungumzia chenga, na rangi je? Kwa ndege wa huku rangi ndiyo inayoumbua programu. Mchukue chole, huyu mwenye kidari cha zambarau. Bluu ya bawa lake ni kali kuliko nafasi ya rangi ya sRGB (ile ya skrini za kawaida na mtandao) inavyoweza kubeba. Kwenye skrini ya programu unaona vinyoya, ukitoa JPEG bawa linakuwa bapa, doa moja la bluu. Chaneli ya bluu imegonga ukuta na vinyoya vyote vimepewa thamani ileile.

Lightroom inakuonyesha mapema: kwenye Develop (sehemu ya kuhariri) bonyeza S kuwasha Soft Proofing, chagua sRGB, washa alama ya onyo la rangi zilizotoka nje. Usishushe Saturation ya picha nzima, utaua na majani. Nenda Color Mixer, Blue na Purple, punguza Saturation 10 hadi 20 na ushushe Luminance kidogo, mpaka mistari ya vinyoya irudi. Kabla ya hayo yote badilisha profaili kutoka Adobe Color kwenda Camera Neutral. Mara nyingi nusu ya shida inaisha hapo. Chozi anayemetameta ni hivyohivyo: kijani cha koo lake huungua kwenye chaneli moja huku histogramu (grafu ya mwanga) ya jumla ikionekana salama, kwa hiyo tazama chaneli tatu, usitazame kilele cha kijivu.

Lightroom ina jambo lingine ambalo darktable haikupi kirahisi: Select Subject. Inamshika ndege kwa sekunde chache, kisha ukifanya Intersect na Luminance Range unapata vivuli vya chini ya tumbo peke yake. Ndege akiwa nyuma ya nyasi au matete, maski huchukua na matete. Ondoa kwa Subtract na brashi.

Malipo ya kila mwezi ni kero, sikatai. Kile kifurushi cha bei ndogo cha GB 20 hakiuzwi kwa wateja wapya tangu Januari 2025. Lakini hoja ya bando isikutishe: kwa mpango wa mwaka, Lightroom Classic inakubali kukaa hadi siku 99 bila intaneti, na kwa mpango wa mwezi siku 30. Ukiacha kulipa, katalogi bado inafunguka na unaweza kutoa JPEG. Kinachofungwa ni Develop na Map.

Kipanga_Muheza

Asanteni sana wakuu. Naona nianze na darktable, na PureRAW niijaribu kwa zile za 12800. Mbili zimebaki: DPP hamjaigusa, na je, DNG ya PureRAW nikiifungua kwenye programu nyingine nizime nini?

FundiRAW

DPP usiifute. Kuipakua utaombwa namba ya kamera, basi. Haina cha kushindana na DeepPRIME kwenye chenga, na haina maski za kisasa, lakini Digital Lens Optimizer yake inasahihisha hata ule mtawanyiko wa f/8 kwa lenzi za Canon, na rangi inazotoa ni zilezile za kamera. Kwa ndege wa juani, ISO 400 au 800, inatosha. Ubaya wake unauona ukitaka kuendelea kwingine: njia ni TIFF ya biti 16, na kwa megapikseli 32.5 faili moja ni karibu MB 195.

Kwa DNG ya PureRAW, chenga zimeshaondolewa na lenzi imeshasahihishwa, kwa hiyo visirudiwe. Kwenye darktable zima denoise (profiled), lens correction na sharpen. Kwenye Lightroom, RAW ya kawaida huanza na Sharpening 40; hakikisha ya DNG ipo 0, na Enable Profile Corrections haijawashwa. Ukali ukirudiwa, ukingo wa mdomo unapata mstari mweupe, na ukishauona hutaacha kuuona. Ukihitaji kunoa kidogo kwa Lightroom, shika Alt huku ukivuta Masking mpaka mandhari ya nyuma iwe nyeusi na ndege pekee abaki mweupe. CR3 za awali (RAW za Canon) zitunze hata baada ya kupata DNG: mashindano mengi ya picha za wanyamapori huomba RAW halisi ya kamera kabla ya kutoa tuzo.

mama_korongo

Nyongeza kwa R7. Ndani ya kamera zima Highlight Tone Priority, ile alama ya D+. Inapiga RAW ikiwa na mwanga pungufu kwa stopu moja kisha inainua vivuli, na kwa ISO 6400 stopu hiyo unailipa kwa chenga. Weka Picture Style iwe Neutral ili histogramu ya kamera iikaribie RAW. Haibadilishi RAW yenyewe, inakubadilishia unachokiona wakati wa kupima mwanga wa yangeyange.

Na kama unatumia RAW burst (upigaji wa mfululizo wa haraka) kumnasa mdiria akiruka, fremu zote zinaingia kwenye faili moja. Usiibebe hiyo moja kwa moja kwenda darktable wala PureRAW. Toa kwanza fremu unazozitaka, ndani ya kamera au kwa DPP, zihifadhi kama CR3 moja moja, ndipo uendelee. Mabawa yakionekana yamepinda kiajabu kwenye hizo fremu, ni shata ya kielektroniki: sensa ya R7 inasomwa polepole, na hakuna programu ya kunyoosha hilo. Kwa ndege anayepiga mabawa rudi kwenye shata ya mekanika, fremu 15 kwa sekunde.