Land Rover 109 ya 1978 au Defender 110 ya 1996, nichukue ipi? Nipo Newala

Mzee wa Mikorosho:
Wakuu habari za mchana. Msimu wa korosho ndo huo unakuja na mwaka jana kukodi gari za watu kulinimaliza, nataka changu mwenyewe. Nimeona chuma mbili. Ya kwanza 109 Series III ya petroli, ipo hapahapa Newala, ya mzee mmoja anaipenda kuliko wajukuu zake. Ya pili Defender yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, ipo Mtwara mjini, imezidi bei kwa milioni sita. Kazi ni kutoa magunia shambani kupeleka ghala la AMCOS (chama chetu cha ushirika), na kiangazi nashuka bondeni Ruvuma kwenye mpunga, kile kilima mnakijua. Naombeni ushauri.

Spana 17:
109 kwa kilima hicho na mzigo utalia mkuu. Petroli inakunywa, lita moja ukipata kilomita sita shukuru, stelingi ya mkono, jioni mabega hayako yako. Tdi ina turbo, farasi 111, inapanda huku unaongea na simu (usiongee lakini). Ila 300Tdi ina taimingi belti, ikikatika pushirodi (vile vyuma vinavyosukuma vali) zinapinda. Usiulize muuzaji ilibadilishwa lini, badilisha siku unayonunua. 109 ni cheni, hiyo habari haina.

Binti Masasi:
Spana umeongea kifundi ila baba yangu kakaa na 109 toka sijazaliwa, ikizima njiani anafungua boneti anachokonoa platini (zile za kuwasha cheche za plagi) na bisibisi tunaondoka. Hiyo turbo ikifa huko bondeni unamwita nani??

Kijana wa Shangani:
Uza korosho nunua Toyota 😂

Spana 17:
Binti nakuelewa, ila mzee wako ana mikono, mwenye uzi hajasema kama anajua spana. Halafu mkuu la muhimu zaidi, hiyo Defender imekaa Mtwara mjini, upepo wa bahari. Bodi ni aluminiamu itakudanganya inang'aa, chasisi ni chuma. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga nyuma pale kwenye krosimemba (chuma kinachokingama mwisho wa chasisi) na sehemu bodi inapokalia. Ikilia ngo ngo sawa, ikilia puf au nyundo ikazama rudi nyumbani. 109 ya huko juu uwanda wa Makonde chumvi haijaionja sana.

Mzee wa Mikorosho:
Leo nimetoka Mtwara. Mbele ngo ngo, nyuma kulia nyundo imezama, muuzaji akaanza kunisemesha mambo ya mpira. Nimemwambia apunguze hela ya kuchomelea krosimemba mpya, kagoma. Narudi kwa mzee wa 109, ila kashaniambia kwanza nikae naye chai, anataka kujua nitakuwa naiosha mara ngapi kwa wiki.

Binti Masasi:
Mwambie kila Ijumaa 😂 na jifunze platini mapema.