Nyama ya kopo na viazi kwa wageni wa Jumamosi: nafanyaje isiwe uji?

Kijana wa Mabatini
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada wa haraka, sina raha kabisa.

Jumamosi nina wageni kama kumi na wawili hapa kwangu Mabatini, watu wazima, wengi wanatokea Misungwi. Nilikuwa na makopo sita ya nyama ya ng'ombe, yale ya gramu 340, sasa yamebaki matano. Viazi mviringo ninavyo nusu debe. Nataka niwapikie kitu ambacho mtu akimaliza sahani anajua amekula nyama. Nimeona video, wanachanganya viazi na nyama ya kopo, wanakaanga mpaka vinashika rangi ya kahawia, vinapendeza kweli. Jana nimejaribu, umetoka uji mwekundu. Hata paka wa jirani ameuangalia akaenda zake.

Mpishi ni mimi mwenyewe, shemeji yenu yuko kwao. Nina mtungi mdogo wa gesi, sufuria na kikaango kimoja. Sina friji. Tafadhali msiniambie ninunue kuku, hapo hapawezekani.

Ngoja Waje
Nimekaa paleee. Wajuzi wa jikoni mnaitwa huku.

Chipsi Dume
Mwanza hii hii mtu anapikia wageni nyama ya kopo? Sato wamehama ziwa?

Mama Wawili Igoma
Mdogo wangu, viazi ulivitia kwenye mafuta vikiwa bado vinafuka mvuke, halafu ukawa unakoroga. Nakuona kabisa na mwiko wako.

Kata viazi vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Chemsha bila chumvi hata chembe, ile nyama imeshajaa chumvi yake. Kisu kikianza kuingia lakini kipande hakipasuki, epua, mwaga maji, vitandaze kwenye sinia. Viache vipoe mpaka juu vionekane vimekauka, kama vimepakwa unga. Hapo ndipo kazi yote ilipo, wengi wanaparuka.

Kopo nalo, kwa kuwa huna friji, lilaze kwenye beseni la maji ya baridi saa nzima likiwa bado limefungwa. Ukilifungua na joto la mchana, mafuta yameyeyuka na nyama inabomoka mkononi. Ikikaza unaikata mraba vizuri.

Kikaango kipate moto, mafuta vijiko viwili tu, nyama ina mafuta yake. Kaanga kitunguu, kitoe pembeni. Viazi viingie tabaka moja, halafu toa mkono. Usiguse! Vipe dakika saba, nane. Mlio ukibadilika ukawa mkavu na harufu ya ukoko ikaanza kupanda, geuza kwa mwiko bapa. Rudisha kitunguu, nyama iingie mwisho, kandamiza chini, acha tena ishike ukoko. Hoho na pilipili manga, ndimu baada ya kuepua. Na kwa watu kumi na wawili usijaze kikaango, utarudi kule kule kwenye uji. Kaanga kidogo kidogo, ukihamishia kwenye hotipoti.

Kijana wa Mabatini
Ubarikiwe dada yangu. Kumbe ukoko ndiyo wenyewe! Mimi nilikuwa naupigania usishike.

Mzee wa Reli
Mmenikumbusha mbali. Kabla ya hizi za Brazil tulikuwa na za kwetu, Tanganyika Packers, kiwanda kikiwa Kawe, Dar es Salaam, pale ambapo vijana wa leo mnapajua kwa mikutano ya injili. Baba alikuwa mtu wa reli. Akitoka Dar anashuka stesheni ya Mwanza na boksi begani, watoto wa kota nzima tunamfuata. Unachomeka kale kaufunguo, unazungusha kautepe ka bati, kakikatika katikati basi mmeumia, mtatumia kisu na vidole vitakatika.

Lile umbo la kopo, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, lilianzia Chicago mwaka 1875. Maana yake ukishafungua upande mpana, nyama iteleze yote itoke pande zima. Kijana, usichimbue kwa kijiko. Toboa na upande wa pili, hewa iingie, gonga mara moja.

Sisi mama alikuwa anaipikia na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Kopo moja, watu tisa, na inabaki ya asubuhi.

Chipsi Dume
Michembe na nyama ya kopo! Mzee, kuna mambo mengine mnatakiwa mfe nayo.

Nesi Mstaafu
Kabla ya ukoko, makopo yenyewe yakoje? Lililovimba juu au chini, tupa, usilionje. Lenye kutu au lililobonyea kwenye maungio, tupa. Likifunguliwa likatoa hewa kwa nguvu au harufu usiyoielewa, tupa.

Msione natisha watu. Mwaka 1964 huko Aberdeen, Uskoti, watu zaidi ya 400 waliugua taifodi, na chanzo kilikuwa nyama ya kopo iliyotoka Argentina. Kiwandani walikuwa wakipoozea makopo kwa maji ya mto ambayo hayakutibiwa, yakapenya ndani. Dukani nyama ikakatwa kwa mashine moja na nyama nyingine, ikasambaa. Sasa wewe hayo makopo umeyatoa wapi?

Kijana wa Mabatini
Nesi, yapo vizuri. Rafiki yangu alikuwa mpishi kwenye kambi ya mradi mmoja wa ujenzi, walipofunga kambi wakagawana vilivyobaki stoo. Tarehe ya mwisho bado mwaka mzima. Hakuna lililovimba, moja tu limebonyea kidogo ubavuni, mbali na mshono.

Ustaadh wa Kirumba
Katika wageni wako kuna Waislamu? Soma kopo vizuri, nyingine huwa za nguruwe.

Kijana wa Mabatini
Wapo wawili, Ustaadh. Imeandikwa ng'ombe na ina muhuri wa halali. Nimeangalia hilo mapema kabisa.

Shangazi wa Watu
Mwangaluka. Wazee wa Misungwi uwatandikie viazi vya kukaanga peke yake? Watakula vizuri, watashukuru, watanawa, halafu watakaa wakisubiri chakula. Songa ugali, mwanangu.

Mama Wawili Igoma
Shangazi umenena. Lakini mimi nina swali. Tangu mwanzo unasema "ajue amekula nyama". Sato hutaki, kuku hapawezekani. Nani kawaahidi hao wazee nyama?

Kijana wa Mabatini
Ni wageni tu dada. Ukimwita mtu mzima kwako inapendeza ale nyama.

Mama Wawili Igoma
Sijauliza kinachopendeza.

Ngoja Waje
Kuna kitu kimefichwa chini ya viazi hapa.

Kijana wa Mabatini
Sawa. Sikutaka kuliweka kwa sababu najua mtayaacha mapishi.

Ni kikao cha ukoo, mahari ya mdogo wangu. Mimi ndiye mwenyeji kwa kuwa niko mjini. Baba mkubwa alinitumia 180,000 ya mbuzi na mchele. Hela ipo, nimeiweka tu mahali. Kuna jamaa yangu ana boti ya dagaa kule Igombe, alihitaji betri na taa za sola, tukakubaliana ananirudishia 250,000 wakishafanya kazi giza moja, yaani zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi, taa ndipo zinavuta dagaa. Sasa mwezi unawaka, boti zimeegeshwa, mpaka wiki ijayo. Kikao ni Jumamosi.

Sioni kosa liko wapi. Hela ingelala kwenye simu ingezaa? Wazee watakula nyama, tena ya ng'ombe, na wiki ijayo namnunulia baba mkubwa mbuzi wake na chenji inabaki. Ninachohitaji hapa ni mapishi.

Chipsi Dume
Mkuu, hiyo haiitwi "ipo". Hiyo inaitwa "ilikuwepo".

Mlokole wa Nyakato
Hela ya mahari huichezei. Mpigie baba mkubwa leo, mweleze ukweli, omba radhi. Mbuzi hajifichi ndani ya kopo.

Kijana wa Mabatini
Mahari ni ng'ombe na wapo, hakuna aliyewagusa. Hii ilikuwa hela ya chakula, na chakula kitakuwepo. Nimwombe radhi ya nini mtu atakayekula akashiba?

Dereva wa Nansio
Mimi sitakuhukumu. Mwaka ule wa msiba wa babu nilikabidhiwa michango, nikafungia tairi mbili za mbele nikisema nitarudisha kabla ya arobaini. Gari likalala Bunda siku nne. Kwenye arobaini tulikula maharage, na mpaka leo kwenye kila kikao cha ukoo nikisimama kuongea kuna mjomba anauliza, "Vipi tairi?" Wewe pika viazi vyako, ila baba mkubwa atakuita Kopo mpaka uzeeni.

Mama Wawili Igoma
Tena huwezi kusema ni mbuzi. Kopo lina harufu yake, na mtu aliyefuga mbuzi maisha yake yote humdanganyi. Mpunguzie aibu kwa kuongeza mayai. Ukishamaliza kukaanga, tengeneza vishimo, pasulia yai, funika dakika tatu. Na kachumbari nyingi. Haitakuwa mbuzi lakini itakuwa karamu.

Mvuvi wa Ukara
Jamani, nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, naomba kuuliza. Mwezi gani huo unaowaka?

Mwezi umeandama juzi. Jana saa tatu usiku giza totoro, taa zimejaa ziwani mpaka ukiwa kilimani unadhani ni mji mwingine. Leo asubuhi nimeshusha mzigo Mwaloni Kirumba, dagaa wamejaa hakuna pa kukanyaga. Mtu aliyeko Mwanza anaandika leo kwamba boti zimeegeshwa kwa ajili ya mbalamwezi? Hii chai.

Ngoja Waje
Chai ya moto, ina tangawizi.

Chipsi Dume
Nilijua! Huyu anauza makopo. Subirini kesho atasema "yamebaki boksi kadhaa, njoo inboksi".

Mlokole wa Nyakato
Kumbe nimeacha maombi kuja kumshauri mtunga hadithi.

Mzee wa Reli
Mimi nilichosema kuhusu Kawe ni kweli lakini.

Nesi Mstaafu
Hata kama ni chai, makopo yaliyovimba mtupe.

Ustaadh wa Kirumba
Weka picha ya makopo hapa, tumalize.

Kijana wa Mabatini
Picha hiyo hapo. Matano, na la kwanza tupu liko nyuma yake. Kikaango chenyewe bado kina ukoko wa jana.

Mimi siuzi kitu. Na mimi si mvuvi, ni fundi simu, natoka kibandani saa nne usiku naenda kulala. Mambo ya mwezi aliniambia mwenye boti. Juzi nilimuuliza kazi inaendeleaje, akasema "mwezi unawaka, tulia, tunaingia wiki ijayo".

Mvuvi wa Ukara
Kichwa chako kinashindwa kuinuka juu kwa sekunde moja?

Kijana wa Mabatini
Kuna taa za barabarani huku mkuu.

Dereva wa Nansio
Aisee. Basi hii si chai, hii ni mbaya zaidi.

Chipsi Dume
Bado siamini. Picha ya makopo hata mimi naipata intaneti.

Mama Wawili Igoma
Ukoko ule hauwezi kupatikana intaneti. Ule ni wa mtu aliyekoroga. Mvuvi, wewe wa ziwani, msaidie huyu mtoto. Boti za Igombe unazijua?

Mvuvi wa Ukara
Nazijua nyingi. Asiandike jina hapa, anitumie pembeni. Kama hiyo boti imeingia usiku wa jana, taa na betri vinaonekana, havifichiki kama hela ya simu. Hata akilipwa kwa dagaa, magunia yanauzika pale pale Mwaloni, mbuzi anapatikana kabla ya Jumamosi.

Kijana wa Mabatini
Nimekutumia. Nampigia hapokei, lakini huwa anaacha simu nchi kavu akienda kazini, nisiseme mengi.

Chipsi Dume
Si ulisema haendi kazini?

Shangazi wa Watu
Muacheni. Mwanangu, ugali utasonga?

Kijana wa Mabatini
Nitasonga, Shangazi. Mbuzi akipatikana sawa, asipopatikana nitaenda na mayai ya dada. Sasa hivi nafanya majaribio kwa viazi vichache, nimeshachemsha bila chumvi, nimemwaga maji. Nimevirudisha kwenye sufuria nikafunika nzi wasiingie.

Mama Wawili Igoma
Funua! Vitatoa jasho hivyo. Kwenye sinia, juu weka kitambaa chepesi.