Naomba ushauri: kupanda miamba Calpe, Hispania, Januari bila gari

Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tunaishi Hamburg na tuna likizo ya siku 8 Januari. Tumepanda kuta za ndani miaka 2, tunamudu daraja la 6a (kipimo cha ugumu wa njia za kupanda, cha kiwango cha kati). Novemba tulijaribu mwamba wa nje. Jiwe lilikuwa la baridi hadi vidole vikafa ganzi, nikashindwa kuingiza kamba kwenye karabina (pete ya kunasia kamba), mke wangu akanishusha taratibu nikitetemeka. Kwa hiyo tunatafuta jua la Mediterania.

Antalya, Uturuki, tuliifikiria, lakini Desemba na Januari ndiyo miezi yake ya mvua kubwa. Upande wa Alicante, Hispania, iliko Calpe, ni mkavu zaidi, na kibali changu cha kuishi Ujerumani kinaniruhusu kuingia Hispania. Moyo umeangukia Calpe, penye mwamba wa chokaa wa Ifach uliosimama baharini, mita 332.

Kikwazo ni gari. Leseni yangu ya Tanzania ilikoma kutumika hapa baada ya miezi 6 ya ukaazi, na mke wangu haendeshi. Kufika Calpe kwa basi tutaweza, ila kwenda kwenye miamba ya Sella, kule bara, sijapata usafiri.

Je, kwa miguu kutoka Calpe tutapata njia za 5 hadi 6a zenye jua, mfano kwenye miamba ya Toix iliyo jirani, za kututosha siku zote? Na Ifach hadi kileleni, kwa watu wasiowahi kupanda njia ndefu (zinazopandwa kwa vipande kadhaa vya urefu wa kamba), ilhali giza linaingia baada tu ya saa 12 jioni, twende wenyewe au tukodi mwongozaji? Kamba yetu ni mita 70.

Natanguliza shukrani.